Kuhusu Paja la Baba Yako

Atieno,

Umeenda Kawangware kumuaga mama yako, na mimi nimepata nafasi ya kushika kalamu bila mtu kunichungulia begani. Usicheke mwandiko. Niliacha shule darasa la nne kwa sababu baba yangu alisema msichana akishajua kusoma bei ya sukari ametosha, na tangu hapo kitu kirefu nilichowahi kuandika ni majina ya wanawake wa chama. Leo nitaandika kirefu. Ukipata neno limeandikwa vibaya liache hivyo hivyo, usinitengenezee. Mimi si mwanafunzi wako.

Sitakwambia ubebe nini. Sitakwambia Lodwar kuna joto, wala uombe kila asubuhi, wala uchunge wanaume wenye pikipiki na maneno matamu. Hayo nimeyasema tangu ukinyonya kidole, na kama hayakuingia wakati huo hayataingia leo.

Nataka kuongea juu ya jana. Jana ulisimama hapo mlangoni ukasema huendi. Ulisema hiyo hospitali ya Lodwar kama imechoka kungoja impe mtu mwingine nafasi, wewe huwezi kuripoti kazini Jumatatu na baba yako anapasuliwa Alhamisi. Nikakuita mjinga. Nikakwambia nimekaanga samaki kando ya njia mpaka moshi umeniingia kwenye mboni za macho ili wewe usome hiyo kazi yako ya faili, sasa unataka ukae hapa Gatwekera, Kibera, unipepee makaa? Ukalia, ukavaa viatu bila soksi, ukatoka. Baba yako alikuwa hapo nyuma ya pazia, hatua mbili kutoka kwetu. Alisikia yote. Na sisi hakuna aliyemuuliza.

Tangu hapo sijatulia. Nimeunguza samaki leo asubuhi, mimi, ambaye sijaunguza samaki tangu nije Nairobi.

Kuna mambo huyajui, nyakwara, mjukuu wangu. Ulikuwa shule ya bweni huko Siaya wakati yanatendeka, na uliporudi likizo nilikupa habari vile nilitaka uipate. Sasa unaenda kufanya kazi ya kuandika magonjwa ya watu. Afadhali ujue ugonjwa wa baba yako uliandikwa vipi na nani aliuandikisha.

Alianguka kwenye mjengo kule Riruta, unalijua hilo. Mbao waliyosimamia ilikuwa imeoza na mwenye ploti alijua. Aligonga mgongo kwenye mawe, na kuanzia kiunoni kwenda chini ikawa ni kama ameazima miguu ya mtu mwingine. Alikaa hospitali muda, wakamshona, wakamweka chuma mgongoni. Walipomwachilia, daktari wa mazoezi alituita mimi na mama yako. Kijana mpole, sauti ya chini. Akatuonyesha vile ya kumgeuza ili ngozi isioze, na vile ya kumkunja miguu polepole, bila nguvu. Halafu akasema, mkiona sehemu ya nyonga imefura ama ina joto, msifanye lolote, mrudisheni.

Mama yako alisikiza na masikio mawili. Mimi nilisikiza na moja. Hilo lingine lilikuwa linasema, huyu mtoto amezaliwa juzi, nimekanda watu kabla mamake hajaota matiti.

Nikamtoa Kawangware nikamleta hapa kwangu. Nilisema nyumba yao ilikuwa na unyevu. Ukweli ni kwamba sikumwamini mama yako na mtoto wangu. Mke ni mke, nilisema, lakini aliyemzaa ni mimi. Mama yako akakubali, akawa anakuja kila jioni akitoka kuuza mboga, analala chini kando ya kitanda. Sikumshukuru hata siku moja.

Halafu paja la kushoto likafura. Hapa juu, karibu na nyonga. Ukiliwekea mkono ulihisi joto kama umegusa sufuria iliyotoka jikoni. Mama yako akasema, "Mama, si walisema tumrudishe?" Nikamjibu kwamba hao hao ndio wameshindwa kumsimamisha, sasa wanataka tuwapelekee nini tena. Nikamwambia hiyo ni baridi imeingia kwenye mifupa, na baridi hutolewa na mikono.

Unajua vile sisi tuko. Mtoto akikandwa akilia tunasema anapona. Mguu ukilala tunasema uamshwe, na mguu hauamshwi kwa kubembelezwa. Nikamwita Mama Nekesa, yule wa upande wa Ayany, ambaye alikuwa anaunga mifupa na kugeuza watoto tumboni, na sifa zake zilikuwa zimefika mpaka Kawangware. Akaja na mafuta yake. Tukachemsha maji ya chumvi. Wanawake wawili wa kanisa wakashika mabega, mimi nikashika goti, Mama Nekesa akashika nyonga, tukakunja. Mguu ulikuwa unakataa. Tukasema unakataa kwa sababu umelala sana. Tukaongeza nguvu, na wimbo juu yake.

Baba yako alikuwa anaangalia mabati. Hasikii maumivu huko chini, kwa hivyo hakulia, na mimi nikachukua kule kunyamaza kama ruhusa.

Hatukufanya mara moja. Tulifanya hadi ikawa desturi ya nyumba. Na jioni moja mama yako aliingia akatukuta, akatupa kapu la mboga chini, akasema tunamvunja mume wake. Mbele ya wanawake wa kanisa. Nikasimama. Nikamwambia maneno ambayo sitayaandika hapa kwa sababu karatasi ni ya kusomwa na mtu niliyemlea. Nikamwambia akitoka asirudi. Akatoka.

Mimi nilikwambia mama yako alikimbia mgonjwa. Umelijua hivyo miaka hii yote, na ndiyo sababu hata leo umeenda kumuaga kwa kusukumwa na mimi, na bado unasema husafiri. Hakukimbia. Nilimfukuza, kwa sababu alikuwa amesema ukweli na alikuwa mdogo kwangu. Ukirudi unaweza kuniuliza, na nitakujibu, lakini usinitolee macho.

Paja likaacha kuwa na joto. Nikamwambia kila mtu, mmeona? Halafu likaanza kuwa gumu. Kwanza kama unga uliokandwa ukasahauliwa, halafu kama mti. Nyonga ikafungwa. Kanisa lilipotuletea kile kiti cha magurudumu tulimbeba tukamweka, akateleza kama ubao unaoegemezwa ukutani, kwa sababu hapakuwa na mahali pa kukunja. Tulijaribu kumfunga na leso. Akasema, "Nirudisheni." Hilo tu. Wewe umekikuta kiti kikiwekwa mitungi ya maji na hukuwahi kuuliza kilikuja kufanya nini humu.

Mtu mzima, fundi wa mawe, kulala chali akihesabu misumari ya mabati. Alikuwa anataka kitu kimoja: kukaa. Hakusema kutembea, hiyo alishaiaga kabla yetu. Alitaka akae hapo mlangoni, achaji simu za watu, aone nani anapita na nani amenenepa. Mpaka leo ni hicho tu anachotaka, na hicho ndicho wanaenda kumtafutia Alhamisi.

Sasa nije kwenye sehemu yako, ya maandishi.

Tulipomrudisha hospitali tulimpeleka tumechelewa, na tulimbeba na mlango wa Mama Brayo, wa jirani, kwa sababu hakukunjika kuingia popote. Kwenye dirisha kulikuwa na karani. Akauliza shida ni nini. Baba yako alikuwa amelala pale chini ya dirisha, macho wazi, mdomo mzima, akili timamu. Mimi ndiye nilijibu. Kwetu mgonjwa hajisemei; mkubwa wake husema, yeye huitikia. Mtu akijieleza mwenyewe kwa daktari na mamake amesimama, watu watauliza huyo mama ni wa nini.

Nikasema ni baridi yabisi. Nikasema iko kwenye damu yetu, mama yangu pia ilimkunja vidole. Karani akauliza imeanza lini, nikasema kitambo. Akauliza kuna mahali palifura, nikasema hapana. Akauliza kama kuna mtu amekuwa akimkanda ama kumvuta, na hapo, Atieno, nilimwangalia kama amenitusi. Nikasema hapana. Baba yako aligeuza uso akaangalia ukuta. Karani akaandika.

Ile karatasi ya kwanza ikazaa ya pili. Kila tukirudi tunakuta daktari mwingine, na kila daktari anafungua faili, anasoma juu, anaona baridi yabisi, anaandika dawa ya maumivu kwa mtu ambaye hasikii maumivu. Wakati mmoja kuna aliyetaka apasuliwe, bima ikarudisha ombi, ikasema ugonjwa ulioandikwa na upasuaji unaoombwa havijuani. Nikawalaani watu wa bima, nikaenda nikawafungia maombi, bila kula wala kunywa. Walikuwa wamesoma tu nilichowaambia.

Na mimi nilijua. Usifikiri sikujua. Nilikuwa na nafasi ya kusema kila tulipoenda, na kila mara niliona aibu imekuwa kubwa kuliko mara iliyopita.

Halafu akaja yule daktari wa kike, mwaka jana. Mfupi, viatu vya kamba. Alikuwa na picha ya nyonga ameiweka kwenye taa, na faili mbele yake, anaangalia hii, anaangalia ile. Akamgeukia baba yako akamuuliza, "Okoth, hili paja lilianzaje?"

Nikaanza kujibu. Akaningoja nimalize, kwa heshima, halafu akamuuliza tena yeye. Nikajibu tena. Akasema, "Mama, nakusikia. Lakini paja ni lake."

Nilimwambia mimi ndiye mamake. Akasema anajua. Baba yako ananiangalia, si yeye, ananiangalia mimi, vile mtoto huangalia kabla ya kuchukua kipande cha nyama mbele ya wageni. Daktari akaona. Akaniomba nikae nje kidogo.

Nilisimama nyuma ya mlango. Mlango wa hospitali si mnene. Na nikasikia mtoto wangu akiongea. Sikuwa nimemsikia akiongea mfululizo hivyo tangu aanguke. Mimi nilidhani ameishiwa na maneno. Alisema joto. Alisema kufura, na homa iliyompata usiku, ambayo hata mimi sikuijua. Alisema walimkunja, nani alishika wapi. Akasema siku moja hakuhisi kitu lakini alisikia mlio ndani yake, kama kuni mbichi ikivunjwa, na alijua kuna kitu kimeharibika. Daktari akamuuliza mbona hakusema waache.

Akasema, "Alikuwa anataka sana nitembee. Nilimwacha."

Hapo nje kulikuwa na mwanamke na mtoto mwenye plasta. Aliniuliza kama niko sawa. Nikamwambia ashughulike na mtoto wake.

Waliponirudisha ndani daktari alinionyesha ile picha. Mfupa ni mweupe, hata mimi naona. Lakini kulikuwa na weupe mwingine umetoka kwenye nyonga ukashuka ndani ya nyama, mnene, kama mzizi wa muhogo. Akasema hiyo ilikuwa nyama, sasa imekuwa mfupa. Akasema mtu akipooza, wakati mwingine nyama iliyo karibu na kiungo hugeuka hivyo, na hata wao hawajui yote kwa nini. Nikamuuliza mbele ya baba yako, ni mikono yangu? Nilitaka aseme. Nilikuwa nimejikaza tayari. Akasema kukunja kwa nguvu huenda kulizidisha, lakini mfupa wa namna hii huota hata kwa mtu ambaye hajaguswa, na hawezi kunipimia kiasi gani ni changu.

Mtu akikuhukumu, angalau unajua umesimama wapi. Huyu alinipa nusu, nikarudi nayo nyumbani.

Ulikuwa mwaka wa mwisho chuoni. Nilipokusomea majina aliyoandika, uliruka kwenye kitanda ukafungua simu yako, ukanionyesha vile kila ugonjwa una herufi yake na namba zake, dunia nzima, hata Mchina akiziona anajua. Ukasema nyama iliyogeuka mfupa kwa sababu ya kuumia ina namba yake, ya aliyeungua ina yake, na ya aliyepooza ina yake, halafu lazima isemwe ni paja au ni bega, ni kushoto au kulia, la sivyo anayesoma hajui unaongea juu ya nini. Ukasema pia kwamba wewe wa namba huruhusiwi kuongeza kitu ambacho daktari hakuandika. Ukiona pengo unarudisha faili, unauliza. Hata kama unajua jibu. Hata kama mgonjwa ni baba yako.

Nikakuuliza iko wapi namba ya mtu aliyekandwa na mamake. Ulicheka. Ulidhani ni mzaha wangu ule wa kila siku.

Safari hii bima haikurudisha karatasi. Wakamwambia daktari apange siku. Watautoa ule mfupa, si wote, wa kutosha nyonga ikunjike. Wamesema kuna damu nyingi sehemu hiyo. Wamesema mfupa unaweza kurudi. Wamesema mwili wake umechoka na kulala, na kumlaza kwa dawa si jambo dogo. Wewe ulikuwepo, ulisikia, na ndiyo maana jana ulisema huendi. Sikukuita mjinga kwa sababu ulikosea. Nilikuita mjinga kwa sababu niliogopa pia, na mimi nikiogopa hutukana. Hiyo umeirithi. Uiangalie.

Huko kwako atakuja mtu kama mimi. Atakuwa na kitambaa kichwani na mdomo mrefu, atasimama mbele ya dirisha lako, na nyuma yake au chini yake atakuwa amelala mwenye ugonjwa. Atakujibu kila kitu kabla hujamaliza kuuliza. Usimtukane. Pengine ametembea siku nzima na huyo mtu kwenye mkokoteni. Mpe maji, mpe mahali pa kukaa. Usifikiri anadanganya kwa ubaya, wengine wetu tunadanganya tukiwa tumepiga magoti. Lakini ukimaliza kumwitikia, inama. Mwangalie aliyelala. Muulize yeye jina lake, aseme mwenyewe. Hata akichukua muda, hata foleni ikiguna.

Siwezi kukufundisha kazi yako. Hilo tu ndilo ninalolijua, na nimelijua kwa bei mbaya.

Kitu kingine. Tangu siku ile ya daktari, mimi na baba yako tunaongea kama wapangaji wa ploti moja. Habari ya asubuhi. Uji uko tayari. Nikugeuze sasa ama baadaye? Anasema asante kwa kila kitu, na mtoto uliyemzaa akianza kukushukuru kwa kila kitu ujue kuna ukuta. Wewe ndiye ulikuwa kelele ya nyumba hii. Ukinijibu vibaya, yeye hucheka huko nyuma ya pazia, na mimi nikisikia anacheka naendelea kukugombeza kusudi. Hukujua hilo. Kesho nikigombeza, nani atanijibu? Nitakuwa mwanamke mzee anayeongea na jiko.

Sikuandikii hivi ili ubaki. Mimi nasema uende. Nimesema jana kwa matusi na leo nasema kwa kalamu. Nafasi za kazi hazirudi Kibera kumtafuta mtu. Alhamisi nitakuwa pale mimi, na nimemwandikia mama yako ujumbe kwa simu ya Mama Brayo nikamwomba aje. Ndiyo, mimi. Nimemwomba. Hajajibu bado. Pengine umekaa naye sasa hivi na anakuonyesha.

Sasa hivi niliweka kalamu chini nikafungua pazia. Sikumletea kitu mkononi, na hiyo ilimshtua, kwa sababu mimi siingii huko bila beseni ama sahani. Nikakaa kwenye ndoo. Nikamuuliza, "Okoth, mtoto aende ama abaki?"

Akasema, "Wewe umesemaje?"

"Sijakuuliza nimesemaje."

Akanitazama. "Leo umekula nini, Mama?"

Nikamwambia ajibu swali. Akageuza macho juu, nikafikiri amerudi kwenye misumari yake. Halafu akasema, "Nataka abaki." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama mtu anayeomba chumvi. "Naogopa. Nikifia pale mezani, nataka yeye ndiye anifunike, si mtu wa wadi. Nataka nikienda kulala na ile dawa niwe nimemwona yeye. Lakini nikimwambia atabaki, na hiyo kazi itaenda, na atanitunza akinichukia kidogo kidogo. Kwa hivyo sisemi."

Nikamwambia ninakuandikia barua. Akauliza nimefika wapi. Nikasema karibu na mwisho.

Akasema, "Basi andika vile unaona. Mwandikie nimesema aende."

Nimeshika kalamu hapa kwa muda mrefu, Atieno. Ingekuwa rahisi. Ni neno moja, na mwenyewe amenipa ruhusa, na ni neno ninalolitaka mimi. Ungepanda basi kesho na moyo mwepesi, na huko mbele ukijua ungekuwa tayari una mshahara na kitanda chako.

Amesema anataka ubaki. Amesema anaogopa. Amesema pia uambiwe uende. Nimeyaandika yote matatu vile alivyoyatoa, na kwa mpangilio aliouweka. Langu mimi ni moja, nimeshalisema, usilichanganye na lake.

Ukimaliza kusoma usije kwangu. Usinitafute kwanza unisalimie wala unigombeze juu ya mama yako, hiyo tutafanya baadaye. Fungua pazia, ukae pale kwenye ndoo, umuulize mwenyewe. Atajaribu kukudanganya mara ya kwanza. Ngoja.

Mimi niko nje kwa Mama Brayo, na sitaingia mpaka mniite.

Dani, nyanya yako